Hotspoti Isiyo na Mgeni Rasmi

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, la hasha, mimi ni raia mwema na kitambulisho ninacho. Ni kwamba hata nikiitaja hutaiona kwenye ramani. Ramani yake ipo, imechorwa vizuri, mito kwa buluu na milima kwa kahawia, imechapwa na kufungwa kwenye maboksi, lakini haijazinduliwa. Inasubiri mgeni rasmi.

Katika nchi hiyo hakuna kitu kinachoanza bila mgeni rasmi. Wengine wanasema ni ushamba, mimi nasema ni adabu. Daraja likikamilika, watu wanaendelea kuvuka mto huku wamepandisha suruali mpaka Mheshimiwa aje akate utepe. Zahanati ikishaezekwa, wagonjwa wanalala nje kwenye majani, wanaitazama milango yake mipya, na wale wanaojaliwa kuishi wanaingia siku ya sherehe. Kazi hiyo ina wizara yake kamili, Wizara ya Uzinduzi, na waziri wake, Mheshimiwa Lubango Kitwana, huambiwi uongo, ana sugu ya mkasi kwenye kidole.

Sasa sheria hii nzuri ndiyo iliyompata Fundi Ndaro.

Ndaro alikuwa fundi wa chochote chenye waya. Pampu, redio, kompyuta, pasi, wewe leta tu. Wilaya ikachimba kisima, ikamwita afunge pampu. Akafunga. Na fundi yeyote akishafunga lazima ajaribu, si ndiyo? Akabonyeza. Maji yakatoka. Kina mama wakasikia mlio, wakaja na ndoo, mmoja, wawili, kumi, na Ndaro akakosa moyo wa kuzima. Siku mbili baadaye Mheshimiwa Lubango akashuka garini na mkasi wake, akakuta nguo zimeanikwa kwenye kila ua na watoto wanang'aa.

"Hawa watoto wameoga!" akasema mbele ya kamera, sauti ikimtetemeka. "Wameoga, na mimi sijafika?"

Ndaro akashtakiwa kwa kosa la Kutangulia. Hakimu alikuwa mtu mpole sana, alimsemesha kama mwanawe. "Mshtakiwa, ungengoja siku mbili tu. Kiu ya siku mbili imemuua nani?" Kuna mtu nyuma kabisa alianza kutaja majina, akatolewa nje. Kifungo kikawa miaka kumi na miwili.

Mkewe, Saumu, alikuwa na mimba ya miezi mitano siku hiyo. Mtoto alizaliwa wa kike, akaitwa Hidaya, na Ndaro hakuwahi kumtia machoni. Msimlaumu mtu. Gereza lilikuwa na ukumbi mzuri tu wa kuonana na ndugu, una mabenchi, una feni, una hadi picha ya twiga ukutani. Ila ulikuwa haujazinduliwa. Picha za familia nazo zilikuwa haziruhusiwi kuingia. Kwa hiyo miaka minne kasoro Ndaro alimjua mwanawe kwa barua. Kaota jino. Katembea. Anaongea sana, kakuchukua wewe. Ndaro alikuwa akifumba macho na kupitia uso wa kila mtu aliyemjua, akichukua pua hapa na paji pale, ili ajitengenezee sura ya mtoto, na kila asubuhi akiamka sura imepotea.

*

Mwaka wa nne, Mkuu wa Nchi akatoa msamaha. Majina ishirini na matatu kutoka gereza lile, na la Ndaro likiwemo. Mwenyewe alipoambiwa alikaa chini sakafuni na kulia kwa sauti, hakujali nani anamwona.

Utaratibu ulikuwa mwepesi, serikali yetu haipendi usumbufu. Kila mfungwa angeweka kidole gumba cha kulia kwenye mashine ya alama za vidole, mashine ingelia tiii, mlango ungefunguliwa, kwaheri. Dirisha la msamaha lingefunguliwa kwenye mfumo saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi alasiri ya siku hiyo hiyo. Ambaye hajaweka kidole hadi saa kumi, waraka ulisema, "atahesabiwa kuwa ameukataa msamaha kwa hiari yake."

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ukubwa wa mche wa sabuni uliokatwa nusu. Haikuwa na tundu la waya. Ilitaka mtandao wa hewani, na mtandao huo ungetoka kwenye laptopu ya ofisi ya mapokezi, ambayo ilichomekwa waya wa intaneti uliopita ukutani. Laptopu iwashe hotspoti, mashine idake, watu waende makwao. Basi.

Saumu alifika nje ya geti alfajiri, kabeba shati na viatu vya mumewe kwenye mfuko. Ukuta wa ofisi ya mapokezi ndio huo huo ukuta wa nje, na juu kabisa una kidirisha cha hewa, kwa hiyo Ndaro, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na wenzake, alisikia kila neno.

"Unauona ule mlango mdogo?" Saumu alikuwa akisema. "Atakayetoka pale ndiye baba."

"Ana ndevu?" sauti ndogo ikauliza.

"Sijui, mama. Tutamwona."

Ndaro akashika kidevu chake. Alikuwa na ndevu, na alitamani sana kujua kama mtoto anazipenda au anaziogopa.

*

Saa tatu kamili Bi. Editruda, Afisa Mifumo wa gereza, akabonyeza kitufe cha hotspoti. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikakata tamaa. Maneno yakatokea: *Hotspoti haiwezi kuanza. Washa waifai kwanza.* Akaenda kuwasha waifai. Kitufe kilikuwa kimepauka, ukikibonyeza hakisemi kitu. Akarudi kwenye hotspoti. *Washa waifai kwanza.*

Msimcheke Bi. Editruda, ni mama mchapakazi na cheti anacho. Akapiga simu makao makuu, Kitengo cha Msaada wa Haraka, akasikilizishwa nyimbo nne za uzalendo, kisha kijana mmoja akamwambia azime laptopu aiwashe tena.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana kuzima kifaa cha serikali saa za kazi kunahitaji kibali. Bi. Editruda akajaza fomu. Mwenye kusaini alikuwa Mkuu wa Gereza, Afande Bambaza, ambaye alikuwa amekaa palepale, hatua mbili kutoka alipo. Lakini fomu haiwezi kuruka masjala. Ikaenda masjala jengo la pili, ikagongwa muhuri, ikafungiwa kwenye jalada, ikarudi mezani kwa Afande saa tano kasorobo.

"Sababu ya kuzima?" Afande akauliza huku akiikagua.

"Ili iwake, afande."

"Mbona inawaka sasa hivi?"

"Ili iwake vizuri, afande."

"Andika hivyo hivyo. 'Ili iwake zaidi ya inavyowaka.' Serikali haina kitu kinachowaka vibaya."

Ikazimwa, ikawashwa. *Washa waifai kwanza.* Kitengo kikasema wachomoe waya na kuurudisha. Wakachomoa, wakarudisha. Kikasema waiondoe waifai kwenye orodha ya vifaa, kisha waiingize upya. Ikaondoka vizuri, ikarudi ikiwa imepauka vilevile. Kikasema wakague kama laptopu haiko kwenye hali ya ndege, na hapo Afande akataka kujua nani aliyetoa ruhusa ya safari, ikachukua muda kumtuliza. Saa sita ikapita. Mwisho Kitengo kikasema kinakwenda kula.

Ndaro alikuwa amelijua tatizo tangu saa tatu na dakika tano.

Laptopu za aina ile alizitengeneza nyingi mno kabla hajafungwa. Zina swichi ya waifai ukingoni kwa mbele, kidude kidogo cha kusukuma kwa ukucha, hata mwenye laptopu anaweza kukaa nayo miaka asikijue. Watu walikuwa wakimletea huku wakikaribia kulia, fundi kompyuta yangu imekufa, naye anasukuma kidude, taa ya buluu inawaka, wanambusu mikono. Kidude kile kwenye laptopu ya gereza kilikuwa kimesukumwa upande wa kuzima. Na juu yake ilibandikwa stika.

Stika yenyewe mnaijua, hata kama hamkubali. Mheshimiwa Lubango Kitwana, meno yote nje, na chini yake maandishi: KWA HISANI YA MHESHIMIWA WAZIRI. Ilibandikwa siku ya kukabidhi laptopu, akaipigapiga mwenyewe kwa kiganja ishike. Ikashika kweli, na swichi ikashikwa nayo.

Kwa hiyo Ndaro alijua, na alikaa kimya. Mara ya mwisho alipowasha kitu cha serikali alipewa miaka kumi na miwili. Akajiambia wataona wenyewe. Akamtazama Bi. Editruda akiigeuza laptopu juu chini, akiipuliza, akiifuta kwa kitenge, na kila alipofika kwenye stika mkono ukipita pembeni kwa heshima. Saa saba na nusu Hidaya akasikika nje akisema ana njaa, na mama yake akamwambia tutakula na baba. Ndaro akasimama.

"Afande, naomba kusema."

"Sema."

"Laptopu hiyo ina swichi ya waifai hapo mbele, ukingoni. Ikisukumwa kulia inawaka. Imekwama kushoto."

Bi. Editruda akainama. "Mbona siioni?"

"Iko chini ya stika, mama."

Askari mmoja akaanza kuikagua dari. Afande Bambaza akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Ngoja nikuelewe vizuri, mfungwa. Unasema hotspoti haianzi kwa sababu ya Mheshimiwa Waziri?"

"Sijasema hivyo, afande. Nimesema stika."

"Stika ina uso wa nani?"

"Wa Mheshimiwa."

"Na uso huo, kwa maneno yako mwenyewe, unafanya nini?"

"Umeikandamiza swichi, afande."

"Bi. Editruda, umeandika?"

"Nimeandika 'umeikandamiza'."

"Futa. Andika 'umeilinda'." Afande akamgeukia Ndaro, na tuseme ukweli, alikuwa karibu kumwonea huruma. "Kaa chini, Ndaro. Kubandua stika ya Wizara ni miaka sita. Mimi nina watoto."

"Hata mimi, afande," akasema Ndaro.

*

Saa nane Afande akawa na wazo, na wazo lenyewe lilikuwa zuri. Akaipigia Wizara ya Uzinduzi.

"Hotspoti yenu ilizinduliwa lini?" karani akauliza.

"Laptopu ilizinduliwa, tuna picha."

"Nimekuuliza hotspoti."

Kumbe hotspoti haikuwemo kwenye ratiba ya siku ile. "Sasa mnashangaa nini isipoanza?" karani akasema, na Afande akajipiga paji la uso kwa furaha. Tatizo limepatikana! Akaomba uzinduzi wa dharura kwa simu. Mheshimiwa, ambaye wakati huo alikuwa mkoa mwingine akizindua choo cha stendi, akakubali palepale, kwa sharti kuwe na utepe, risala na shangwe.

Utepe ukapatikana, bendeji kutoka zahanati. Risala ikaandikwa na mfungwa aliyewahi kuwa mwalimu. Wafungwa wakapangwa mistari miwili kwenye mabenchi, tayari kuimba. Saa nane na dakika arobaini simu ikawekwa mezani, spika ikafunguliwa mpaka mwisho, na sauti ya Mheshimiwa ikajaa ofisini.

"Ndugu zangu wafungwa! Nawapongeza sana kwa kujitokeza kwa wingi. Mababu zetu walipopata uhuru, nchi hii ilikuwa na hotspoti ngapi? Hakuna! Hata moja! Leo je? Leo hapo mlipo mnayo moja ambayo haianzi. Hayo, ndugu zangu, ni maendeleo makubwa. Wenzetu wa nchi jirani wangetamani hata hiyo isiyoanza..."

Akaendelea. Akataja barabara, akataja korosho, akawasalimia wazee. Ndaro alikuwa anaitazama saa ya ukutani na kusema moyoni malizia, Mungu wangu, malizia. Jasho lilimtoka hadi kwenye benchi. Jirani yake, Mzee Kapalata, mwenye miaka sabini na moja, aliyefungwa kwa kupiga makofi kabla hotuba haijaisha, alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.

"...Natamka rasmi kwamba hotspoti hii, kuanzia sasa, imezinduliwa!"

Bendeji ikakatwa. Vigelegele, makofi, Mzee Kapalata naye akaichomoa mikono akapiga. Bi. Editruda akabonyeza. Kiduara kikazunguka. *Washa waifai kwanza.*

"Imezinduliwa," akasema Afande.

"Lakini haijaanza, afande."

"Hayo ni mambo mawili tofauti, Bi. Editruda."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Na kwa kuwa kila hafla ya Wizara hufungwa kwa wimbo wa taifa, wimbo ukaanza kupigwa kwenye simu. Afande, askari, Bi. Editruda na wafungwa wakasimama wima, mikono ubavuni, macho mbele. Wimbo wa nchi ile una beti sita, na anayetikisika katikati anafungwa.

Kidirishani ikaingia sauti. "Mama, baba hataki kutoka?"

"Anataka. Anataka sana, mwanangu."

Mimi nasimulia tu, siungi mkono. Ndaro akatoka kwenye mstari katikati ya ubeti wa kwanza. Akatembea hatua nne mbele ya watu ambao hawakuruhusiwa kumkamata, akapiga magoti mbele ya meza, akaingiza ukucha wa kidole gumba chini ya kidevu cha Mheshimiwa. Gundi ya serikali, kwa mara moja tu katika historia, ilikuwa nzuri. Akakwangua. Kidevu kikang'oka, meno yakang'oka, akasugua kilichobaki kwa kidole chote. Macho ya Afande yalimtoka, midomo yake ikiendelea kuimba kuhusu amani. Ndaro akakisukuma kidude kulia.

Taa ya buluu ikawaka. Akabonyeza hotspoti, kiduara kikazunguka nusu tu, na mashine ya vidole ikalia yenyewe, tiii.

*

Wimbo ulipoisha Ndaro alikuwa ameshikwa na askari watatu. Lakini mfumo ulikuwa wazi, makao makuu waliuona, na Afande Bambaza si mtu wa kukaidi mfumo. "Wengine wapite," akasema. "Huyu atoe maelezo kwanza."

"Afande, nipitishe na mimi halafu nitaandika maelezo nikiwa nje. Nitarudi kuandika. Naapa nitarudi."

"Maelezo kwanza."

Wakaanza kupita. Kidole, tiii, mlango. Mfungwa wa kwanza akainama, akatoka kwenye mlango mdogo, na nje miguu midogo ikasikika ikikimbia kwenye kokoto.

"Baba!"

"Siyo huyo, mama," Saumu akaita. "Samahani kaka. Njoo, subiri."

Wa pili. "Baba!" Siyo huyo. Wa tatu alikuwa na ndevu, na "Baba!" hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, yule bwana alisikika akisimama, akasema, "Baba yako yuko nyuma yangu, mrembo, yeye ndiye katufungulia." Ndaro alikuwa anaandika maelezo na machozi yakitawanya wino. Jina. Kosa. Kosa la zamani. Ulitumia mkono gani. Mzee Kapalata alipofika mlangoni alimgeukia, kisha akaenda. "Baba!" Mara ishirini na mbili alikimbia, na hakuchoka hata mara moja.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita Ndaro alipoweka saini na kurukia mashine. Akabandika kidole gumba cha kulia. Mashine ikanyamaza, kisha ikaandika: *Alama haitambuliki.*

Akakitazama kidole. Kilikuwa kimejaa gundi na vipande vya karatasi, na katikati kabisa, palipotakiwa kuwa na mistari aliyoumbiwa na Mungu, palikuwa na jicho la Mheshimiwa Lubango Kitwana.

"Maji," akasema. "Afande, nipe maji na kipande cha sabuni. Dakika moja tu."

"Haiwezekani. Kidole hicho ni kidhibiti."

"Kidhibiti?"

"Kina uso wa Mheshimiwa. Kitakwenda mahakamani kama kilivyo. Hakinawi."

Ndaro akakisugua kwenye kaptula. "Anaharibu ushahidi!" mtu akapaza sauti, wakamdaka mkono. Akajaribu kukilamba, wakamvuta kichwa nyuma. Akapiga magoti. Alimwita Afande mzee, alimwita baba, alimwomba kwa jina la watoto wake mwenyewe. Saa kumi kasoro dakika mbili Bi. Editruda akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya maji, akaifungua kifuniko, na kuiweka pembeni ya meza mahali ambapo mkono wa Ndaro ungeweza kufika.

"Bi. Editruda," Afande akasema taratibu. "Kunywa maji yako."

Bi. Editruda akamtazama Afande, akamtazama Ndaro. Akanywa. Aliyanywa yote.

Saa kumi kamili kioo kikaandika: *Dirisha limefungwa. Mfungwa Ndaro ameukataa msamaha. Asante kwa kuchagua kubaki nasi.*

Nje Hidaya akauliza, "Wameisha?"

*

Kidole cha Ndaro kilifungwa ndani ya bahasha yenye muhuri kwa wiki tatu, hadi kesi iliposikilizwa. Akaongezewa sita kwa stika. Kutembea wakati wa wimbo wa taifa alisamehewa, maana mashahidi wote walikuwa wakitazama mbele.

Wizara nayo ikagundua kwamba uzinduzi wa simu hauna picha. Ikaamuliwa hotspoti izinduliwe tena, ana kwa ana. Na kwa kuwa huwezi kuzindua kitu kilichokwishaanza, Bi. Editruda aliagizwa akisukume kidude kushoto, kama kilivyokuwa. Wananchi walitakiwa wafike nje ya geti kushangilia, kila nyumba mtu mmoja na watoto wake, na aliyekosa angeeleza ni kwa nini. Mheshimiwa akaja, akakata utepe wa kweli, akahutubia. Hotspoti haikuanza, lakini safari hii hakuna aliyeijaribu. Kisha, kwa unyenyekevu wake, Mheshimiwa akasema hatatoka kwa gari. Atatoka kwa miguu, kwa mlango mdogo, akawasalimie wananchi.

Ndaro alikuwa ndani ya selo, mbali na kidirisha, lakini alisikia. Kokoto, miguu midogo, na "Baba!" ya ishirini na tatu.

Hakusikia "siyo huyo". Makofi yalikuwa makubwa mno. Magazeti ya kesho yake yote yaliibeba picha ile ukurasa wa mbele, na Wizara ikafurahi nayo kiasi cha kuagiza stika mpya kwa vifaa vyote vya serikali nchi nzima.

*

Mwaka uliofuata msamaha ukatoka tena. Majina thelathini na moja. Mfungwa mwenye kifungo kipya hahesabiwi, kwa hiyo Ndaro aliletwa ofisi ya mapokezi kufagia tu. Saa tatu Bi. Editruda akabonyeza hotspoti. *Washa waifai kwanza.* Fomu ikaenda masjala, ikarudi. Ikazimwa, ikawashwa. Kitengo kikaenda kula. Saa nane, wanaume thelathini na mmoja kwenye benchi wakamgeukia mtu mwenye ufagio, na mmoja wao, ambaye hakuwa na meno ya mbele, akanong'ona.

"Fundi. Wewe unajua ilipo. Mke wangu yuko hapo nje. Tusaidie, ndugu yangu, wewe miaka unayo mingi, sita nyingine itakufanya nini?"

Ndaro akasogea mezani na ufagio wake. Hakuna aliyemzuia, Afande Bambaza alikuwa ghafla na shughuli na kofia yake. Akainama hadi usawa wa laptopu.

Stika mpya ilikuwa kubwa kuliko ile ya zamani. Mheshimiwa Lubango Kitwana amechuchumaa, meno yote nje, na shingoni mwake ameng'ang'aniwa na mtoto wa kike mwenye gauni la njano, macho kayafumba kwa furaha. Paji lilikuwa la Saumu. Pua haikuwa ya mtu yeyote kati ya wale wote aliokuwa akiwaazima. Ilikuwa pua ya Ndaro mwenyewe. Jino moja la mbele lilikuwa limevunjika, na barua haikuwahi kumwambia.

"Bandua, fundi," mwenye mapengo akasema nyuma yake. "Bandua, saa zinakwenda."

Ndaro alikuwa ameshainua kidole gumba. Akakishusha polepole, akakiweka pembeni ya shavu la mtoto, bila kugusa.

"Ngojeni kidogo," akasema. "Ndiyo kwanza namwona."